Kabla ya Kununua Kiti na Meza ya Kufanyia Kazi Nyumbani

Wengi huanza kwa kutafuta kiti kizuri. Mimi ningeanza na futikamba. Keti kwenye kiti kigumu, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, mabega yalegee, viwiko uvikunje. Mwombe mtu akupime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, kisha kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kipimo cha kwanza kinakuonyesha kiti kiwe na kimo gani, cha pili kinakuonyesha kibodi ikae wapi. Ziandike namba hizo uende nazo dukani.

Zina kazi, kwa sababu meza nyingi huwa na kimo cha sentimita 72 hadi 75 na hazipandi wala hazishuki. Mtu mfupi ambaye kiwiko chake kiko kwenye sentimita 62 akishusha kiti ili miguu ifike chini, atachapa huku mabega yamepanda. Akikipandisha, miguu inaning'inia na ukingo wa kiti unabana mapaja. Huyu asinunue kiti ghali zaidi. Anahitaji kibao cha kukanyagia, au trei ya kibodi inayofungwa chini ya meza. Kwa mtu mrefu, kuinua miguu ya meza kwa vipande imara vya mbao mara nyingi kunatosha.

Kwenye kiti chenyewe, rudi nyuma hadi mgongo uguse egemeo, halafu pitisha vidole kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti. Viwili au vitatu vipite. Visipopita, kiti ni kirefu mno kwenda mbele; utajikuta unakaa ukingoni, na lile egemeo ulilolilipia litabaki pambo. Uvimbe wa egemeo uguse kiuno. Likiwa halipandi wala kushuka, uwe na hakika limekukaa sawasawa. Kaa robo saa, si dakika moja, maana hata sponji mbovu huwa tamu mwanzoni. Pima pia mikono ya kiti: ikigonga meza au droo zake, hutaweza kusogea karibu na utaishia kuinama.

Kama unatumia kompyuta mpakato, tenga fedha za kibodi na kipanya kabla hujamaliza bajeti kwenye kiti. Skrini na kibodi zikiwa zimeshikana, kimoja kikikaa pazuri kingine hukaa pabaya: ama shingo inainama, ama mikono inapaa. Cha kuinulia kompyuta kinaweza kuwa rundo la vitabu tu. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa takriban mkono ulionyooka. Anayevaa miwani ya kuonea mbali na karibu aishushe skrini zaidi, la sivyo atashinda ameinua kidevu.

Meza za kupanda na kushuka ni nzuri kwa mwenye uwezo, ila kusimama kutwa nako kunachosha. Faida iko kwenye kubadilisha mkao.

Pima mlango na mahali meza itakapokaa, dirisha liwe ubavuni ili mwanga usipige kwenye skrini. Mwisho, muulize muuzaji kama kiti kinarudishwa kikishatumika wiki moja, na gharama ya kukirudisha ni ya nani.