Kutafuta Chanzo cha Mgongano wa Vifaa katika Kompyuta ya Kuhariri Video Uliyojiundia

Kompyuta ya kuhariri video hubebeshwa vifaa vingi kuliko kompyuta ya ofisini: kadi ya michoro, SSD mbili au tatu, diski kubwa ya kuhifadhia kazi zilizokwisha, kadi ya kunasa video, kiolesura cha sauti, na msururu wa vifaa vya USB. Kila kimoja kikijaribiwa peke yake hufanya kazi vizuri. Vikikaa pamoja, diski moja hupotea, picha huganda katikati ya kurenda (kutengeneza faili ya mwisho ya video), au mashine hujizima bila ujumbe wowote. Mwongozo huu ni wa mtu aliyenunua vipande, akaviunganisha mwenyewe, na sasa anataka kujua ni kipi kinachomzuia mwenzake.

Kwanza ni vyema kuondoa ushauri mmoja wa kale ambao bado unazunguka mtandaoni. Enzi za Windows 95 na kabla yake, kompyuta ilikuwa na namba 16 tu za IRQ, yaani namba ambazo kifaa hutumia kuomba huduma ya prosesa, na kadi ya sauti ikichukua namba moja na modemu, mojawapo au zote mbili zilikwama. Mtu alilazimika kuzipanga upya kwa mkono. Katika mashine ya leo kazi hiyo haina faida, kwa sababu vifaa vya PCI Express, yaani mfumo unaounganisha kadi na SSD na prosesa, hutuma maombi yao kwa njia ya ujumbe na havigombei tena namba hizo chache. Vinavyogombewa siku hizi ni njia za PCI Express, anwani za kumbukumbu, uwezo wa prosesa kuihudumia RAM kwa kasi uliyoitaka, umeme, na hata hewa inayopitisha mawimbi ya redio.

Soma kumbukumbu za mashine kabla ya kushika bisibisi

Fungua Event Viewer, ingia sehemu ya Windows Logs, kisha System, na utazame kilichoandikwa katika dakika ile tatizo lilipotokea. Tukio la Kernel-Power 41 huwaponza wengi: wakiona neno la umeme hukimbilia kununua pawa saplai mpya, ilhali tukio hilo linasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu, na halitaji sababu. Ya maana zaidi ni yale ya WHEA-Logger, yanayorekodi makosa ya vifaa. Namba 17 kwa kawaida huonyesha makosa ya mawasiliano ya PCI Express ambayo mashine imeweza kuyasahihisha yenyewe, na yakijirudia mamia kwa mamia yanakuelekeza kwenye sloti, kadi au kebo fulani. Namba 18 ni kosa lisilosahihishika, ambalo mara nyingi huelekeza kwenye prosesa, RAM au volteji zake.

Baada ya hapo fungua Device Manager uangalie alama za njano. Code 12 inamaanisha kifaa kimekosa nafasi ya rasilimali. Code 43 inamaanisha kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na Windows ikakisimamisha. Andika namba hizo pamoja na saa, kwa kuwa utabadilisha kitu kimoja kimoja, na bila maandishi hutajua ni badiliko lipi lililosaidia.

Njia za PCI Express, na diski inayopotea

Hapa ndipo penye migongano mingi, na dawa yake iko katika kijitabu cha ubao mama ambacho watu hukiacha ndani ya boksi. Chukua mfano wa prosesa za Ryzen 5000 kwenye ubao wa B550. Prosesa ina njia 24 za PCI Express: 16 za kadi ya michoro, 4 za sloti ya kwanza ya M.2 (sloti ndogo ya SSD bapa), na 4 za kuwasiliana na chipseti, yaani chipu ya ubao mama inayohudumia vifaa vilivyobaki. Kila kitu kingine, kuanzia sloti ya pili ya M.2, milango mingi ya SATA (ya kebo za diski) na ya USB, mtandao, hadi kadi ya kunasa video, kinapita katika njia hizo 4 za mwisho, ambazo ni za kizazi cha 3 na kwa jumla hazifikii GB 4 kwa sekunde kwa kila upande.

Kwa sababu njia ni chache, mtengenezaji huruhusu sehemu mbili zitumie njia zilezile, lakini moja baada ya nyingine. Mfano ulio wa kawaida kabisa ni huu: umeweka SSD mpya katika sloti ya pili ya M.2, ukawasha mashine, na diski kubwa yenye kazi za wateja haionekani tena. Diski haijafa. Katika mbao nyingi, sloti hiyo ikikaliwa, milango miwili ya SATA, mara nyingi ya 5 na 6, huzimwa. Fungua kijitabu kwenye ukurasa wa M.2, na chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, utakuta sentensi inayotaja milango hiyo. Hamishia kebo ya diski kwenye mlango wa 1 hadi wa 4, na kila kitu kitarudi. Usikubali kuumbiza diski wala kununua kebo mpya kabla ya kusoma sentensi hiyo. Ikiwa ubao ulinunuliwa Kariakoo au Luthuli bila boksi lake, jina kamili la modeli limechapishwa juu ya ubao wenyewe, mara nyingi katikati ya sloti, na kijitabu hupatikana bure katika tovuti ya mtengenezaji.

Sloti ndefu nazo zinahitaji uangalifu. Sloti ya pili inaweza kuwa na urefu uleule wa ya kwanza huku ndani yake kukiwa na miguso ya njia 4 tu. Mulika kwa tochi ya simu utaona mahali meno ya shaba yanapokomea. Kadi ya michoro ikae daima katika sloti iliyo karibu zaidi na prosesa. Katika baadhi ya mbao za bei kubwa, ukiweka kadi ya kunasa video katika sloti ya pili, kadi ya michoro hushushwa kutoka njia 16 hadi 8. Programu ya GPU-Z huonyesha hali hiyo katika mstari wa Bus Interface, ila itazame wakati kadi inafanya kazi, maana ikipumzika hushusha kasi yenyewe ili kuokoa umeme. Njia 8 za kizazi cha 4 hazitakupunguzia kitu cha kuhisi katika kuhariri, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukizipigania.

Kama kadi imefungwa kwa kebo ya kuirefusha ili isimame wima, na kebo hiyo ni ya kizazi cha 3, ingia BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka) ulazimishe sloti ifanye kazi kwa Gen3. Ukiiacha ijichagulie, itajaribu Gen4, na matokeo yake ni skrini nyeusi au yale makosa ya WHEA namba 17.

Code 12 hutokea zaidi pale mashine inapokuwa na kadi mbili za michoro, au kadi ya michoro na kadi nyingine inayotaka anwani nyingi. Dawa yake ni kuwasha Above 4G Decoding ndani ya BIOS, ili vifaa vipewe anwani za kumbukumbu zilizo juu ya GB 4. Kipengele hicho huendana na uwashaji wa kisasa wa UEFI, yaani CSM (hali ya kuwasha kwa mtindo wa zamani) ikiwa imezimwa, na Windows iliyosimikwa kwenye diski ya mpangilio wa zamani wa MBR haitawaka baada ya hapo. Microsoft imeweka chombo kiitwacho mbr2gpt ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703 kwa ajili ya kugeuza mpangilio huo, lakini nakili kazi zako mahali pengine kabla ya kukigusa.

Kadi moja ya michoro inapoizima nyingine

Wanaotumia prosesa za Intel hukutana na mgongano ambao hautoi alama yoyote ya njano. Mara unapochomeka kadi ya michoro, BIOS nyingi huzima sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa, na pamoja nayo Quick Sync, sakiti yake ya kusimba na kusimbua video. Madhara yake yanategemea kamera. Prosesa za Intel tangu kizazi cha 11 zinaweza kusimbua HEVC ya 4:2:2 biti 10 (umbo la video lililobanwa lakini lenye taarifa nyingi za rangi, linalotumiwa na baadhi ya kamera) kwa sakiti maalumu, jambo ambalo GeForce RTX 30 na RTX 40 haziwezi, na ambalo NVIDIA ililiongeza katika RTX 50. Hivyo mtu huweka kadi ya bei kali na kushangaa kuona video za kamera yake zikikwama kuliko zamani. Tafuta katika BIOS kipengele kinachoitwa iGPU Multi-Monitor, au jina linalofanana nalo, ukiwashe, kisha usimike draiva ya michoro ya Intel. Prosesa yenye herufi F mwishoni mwa jina haina sehemu hiyo kabisa, na hakuna mpangilio utakaoileta.

RAM iliyochanganywa

Mhariri akianza kazi za 4K huongeza RAM, na kwa kawaida hununua vijiti viwili vingine vya kuchomeka pembeni ya vile vya mwanzo. Hata vikifanana kwa jina na kasi, chipu za ndani zinaweza kutofautiana, na kasi ya XMP au EXPO (mpangilio wa BIOS wa kuongeza kasi ya RAM) iliyoandikwa kwenye pakiti ilithibitishwa kwa vijiti vya pakiti ile tu. Zaidi ya hayo, prosesa yenyewe ina ukomo. Kwa Ryzen 7000, AMD inatambua rasmi DDR5-5200 kwa vijiti viwili, na kwa vijiti vinne inashuka hadi 3600. Anayelazimisha vinne kwa 6000 anacheza bahati nasibu.

Dalili za RAM mbovu ni utata wenyewe: kurenda hukwama leo kwa asilimia 12 na kesho kwa 80, ujumbe wa kosa hubadilika kila mara, na faili kubwa za ZIP hukataa kufunguka. Zima XMP au EXPO, kisha uendeshe MemTest86 kutoka kwenye flashi usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki. Likijitokeza, jaribu kijiti kimoja kimoja katika sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, ambayo katika mbao nyingi huitwa A2, hadi umjue mkosaji. Kwenye mbao za AM5, yaani za Ryzen 7000 na zilizofuata, kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM kunaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi tii. Usichomoe umeme, mashine inaipima RAM.

Umeme

Kichwa cha pini 8 cha kadi ya michoro kimekadiriwa kubeba wati 150, na sloti yenyewe wati 75. Kadi yenye vichwa viwili ipewe kebo mbili zinazotoka pawa saplai kila moja peke yake, badala ya kebo moja yenye mkia wa pili, kwa kuwa kadi kubwa huvuta umeme kwa mirindimo ya ghafla inayozidi wastani wake. Kuhusu pawa saplai za kebo za kuchomoa, nasisitiza kuliko jambo lolote lingine katika mwongozo huu: usitumie kebo ya pawa saplai moja kwenye nyingine, hata kama inaingia bila kusukumwa. Upande wa kifaa una kiwango kimoja, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini apendavyo, na volti 12 zikipelekwa mahali pa volti 5 diski zako zote zitaungua kwa pamoja.

Kwa wanaotegemea UPS kwa sababu ya umeme kukatika, hesabu wati, wala usiishie kwenye VA. UPS ya VA 650 mara nyingi hutoa chini ya wati 400. Vilevile, pawa saplai za kisasa zenye PFC amilifu (sakiti inayorekebisha jinsi umeme unavyovutwa) wakati mwingine hazipatani na UPS za bei nafuu zisizotoa wimbi laini, na mashine huzimika sekunde ileile umeme unapokatika. Hifadhi kazi, anzisha kurenda kwa majaribio, kisha uchomoe UPS ukutani uone.

USB na redio

Kipanya kisicho na waya kinachorukaruka kila mara unaponakili kutoka SSD ya nje hakina virusi. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele katika masafa ya GHz 2.4, ambayo ndiyo yanayotumiwa na vipanya vingi na Wi-Fi ya zamani. Weka kipokezi mbali na SSD kwa kutumia kebo fupi ya kurefusha ya USB 2.0, na Wi-Fi uihamishie GHz 5.

Sauti ikikatikakatika, endesha LatencyMon ili ikuonyeshe draiva inayochelewesha wenzake. Mara nyingi ni ya mtandao au ya michoro. Ukibadilisha kadi ya AMD kwa ya NVIDIA, ondoa draiva za zamani kwa DDU, programu ya kufuta draiva za michoro, ndani ya Safe Mode kabla ya kusimika mpya.

Ikiwa bado hujapata chanzo

Rudisha mashine kwenye mifupa yake: prosesa, kijiti kimoja cha RAM, SSD ya Windows, na kadi ya michoro, huku BIOS ikiwa katika mipangilio ya kiwandani. Renda faili moja ileile, ndefu kiasi, ambayo awali ilikuwa ikileta tatizo. Ikipita salama, ongeza kifaa kimoja, urende tena, na uangalie Event Viewer hata kama kazi imekamilika, kwa sababu makosa yaliyosahihishwa hayaonekani kwenye skrini. Kifaa kinachorudisha tatizo kijaribiwe katika sloti nyingine kabla ya kulaumiwa, na kikiendelea kusumbua, kijaribiwe katika kompyuta nyingine kabla ya kurudishwa dukani.

Mashine ikitulia, piga picha kwa simu kila ukurasa wa BIOS uliougusa. Kusasisha BIOS kwa kawaida hufuta mipangilio yote, na wasifu uliohifadhiwa katika toleo la zamani mara nyingi haukubaliki katika toleo jipya.