Maji yanaingia usiku: kuiandaa nyumba ya bondeni kabla ya masika

Mimi nakaa Kigogo hapa Dar, sio bondeni kabisa ila ukimwaga ndoo ya maji mlangoni kwangu yanajua yenyewe pa kwenda, na mafuriko yameshanipiga mara mbili. Mara ya kwanza nilipoteza godoro, tv, unga na vyeti vyote vya shule. Mara ya pili nikapoteza godoro tu. Hela sikuwa nayo mara zote mbili kwahiyo msiseme nilijipanga kwa hela, ni kwamba mara ya pili tulikuwa tumeshaamua mambo mchana, maji hayajaja, nani anambeba nani, funguo iko wapi, tunakimbilia kwa nani. Saa nane usiku maji yakiwa magotini hakuna mtu anafikiria, utajikuta umebeba rimoti umeacha kadi ya kliniki ya mtoto (mke wangu alibeba mwiko, mpaka leo tunacheka).

Sasa kabla ya kununua chochote jua maji yako yanatoka wapi. Sisi wa Msimbazi mto wetu unaanzia huko milima ya Pugu, Kisarawe, unapita mjini unakuja kumwaga baharini pale daraja la Salenda. Maana yake nini, mvua inaweza kupiga Pugu usiku mzima we Kigogo unaangalia nyota, umelala zako kwa amani, alafu alfajiri mto unafika mlangoni. Kwahiyo kusema "mbona huku hata haijanyesha" sio hoja. Angalia mto wenyewe. Maji yakibadilika rangi yakawa ya tope zito, yakaanza kuleta magogo na chupa nyingi kuliko kawaida, ukasikia ule mngurumo, hapo muda wako ni mdogo usianze kubishana na mtu. Na taarifa za TMA, wale wa hali ya hewa, tuache kuzidharau jamani, wakisema angalizo ni rangi ya njano, tahadhari ni ya machungwa, nyekundu ni tahadhari kubwa, ikifika machungwa mimi begi linakaa mlangoni na watoto wanalala na nguo za kutokea. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa kabla hakijafika, aliyetaka kujiandaa alipata nafasi.

Alafu kuna watu wanahesabu masika peke yake, Machi mpaka Mei. Yale mafuriko makubwa ya Dar ya 2011, yaliyoua watu wapatao 40 na wengine wakahamishiwa Mabwepande, yalikuwa Desemba, hizo ni vuli. Mimi kazi hizi nazifanya mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, jumamosi moja tu inatosha.

Ya kwanza kabisa, na hii naomba msome taratibu, ni funguo. Nyumba zetu hizi za kupanga madirisha yote yana nondo, mlango wa mbele una geti la chuma, usiku tunapiga kufuli kwa ndani kwa sababu ya vibaka na funguo anakuwa nayo mtu mmoja, mwenye nyumba au yule kijana anayechelewa kurudi. Tunajifungia wenyewe. Maji yakija usiku na aliyeshika funguo amelala fofofo chumba cha mwisho au yuko zake Mbagala, nyumba nzima mko ndani ya boksi. Kaeni kikao wapangaji wote, funguo ya kufuli ining'inie kwenye msumari ndani karibu na mlango, juu mkono wa mwizi usipofika akipenyeza dirishani lakini mtoto wa miaka kumi anafika, na kila mtu aijue hata gizani. Kama kufuli limeshika kutu tia mafuta au nunua lingine, usingoje lije kugoma siku hiyo.

Karatasi. Vyeti, kadi ya NIDA, mkataba wa pango, hati ya kiwanja kama unayo, kadi za kliniki, bima, leseni. Watu wanaweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na hapo ndo maji yanapoanzia. Mimi natumia ndoo ya rangi, ile ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, ukiomba kwa fundi anayepaka nyumba anakupa bure au kwa hela ya soda. Ioshe vizuri, ikaushe, karatasi zifunge kwenye nailoni kwanza ndo uzitie ndani, bana mfuniko mpaka usikie unalia. Ndoo hiyo hata ikichukuliwa inaelea, haizami. Alafu piga picha kila karatasi tuma kwa dada yako wa mkoani na ujitumie mwenyewe kwenye imeili, maana simu nayo inalowa.

Vitu vya ndani sasa. Tafuta alama ya maji ya zamani ukutani, ule mstari wa tope, kama umehamia juzi waulize majirani wakuonyeshe mkono yalifika wapi. Kitu cha thamani kikae juu ya mstari huo na ziada ya mkono mzima. Friji lipandishe kwenye matofali, unga na mchele kwenye ndoo za mfuniko juu ya kabati, mkaa usiuweke chini kwasababu mkaa uliolowa ni hasara na kesho yake utauhitaji sana. Soketi ukipata nafasi mwambie fundi umeme azipandishe. Mtungi wa gesi ufunge kabisa koki yake kisha uufunge kamba kwenye nondo ya dirisha, unaelea ule na ukigongagonga kuta huku unavuja ni balaa jingine. Godoro mimi sina dawa yake, limenishinda mara mbili, ukiweza likunje lipandishe juu ya kabati ukishindwa liache liende.

Mlangoni jaza mchanga kwenye salfeti, usijaze mpaka juu, nusu na kidogo tu ili zilaliane vizuri zisiache nafasi, zipange kama fundi anavyopanga tofali na nyuma yake utandike turubai. Hazizuii mto, tusidanganyane, zinachelewesha, na hizo dakika ndo unazozitaka. Salfeti moja weka juu ya tundu la choo maana wengi hawajui kwamba maji machafu yanatangulia kupandia chooni kabla hata ya kuingia mlangoni.

Begi la kukimbia nalo ni moja la mgongoni, sio sanduku la safari. Dawa za kila siku ndo zinaingia mwanzo, za presha, sukari, za wanaotumia ARV, ziwe za wiki nzima. Tochi, kile kisimu cha tochi chenye chaji ya siku nne, pawabenki iliyojaa, nguo moja moja za watoto, kanga mbili (kanga ni shuka, ni mbeleko, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kamba), pedi, sabuni, biskuti, filimbi. Na keshi, tena noti ndogondogo, kwasababu umeme na mtandao vikikatika hela yako iliyoko kwenye simu ni namba tu na wakala mwenyewe kakimbia. Maji ya kunywa piga lita 3 kwa mtu kwa siku, mko watano kwa siku tatu ni lita 45, yaani madumu mawili ya ishirini na kidumu cha lita tano, yafunge vizuri yakae juu.

Kwenye umeme sitaki utani. Kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue meni swichi ilipo na azime MAJI HAYAJAINGIA. Ukichelewa ukakuta maji yameshafika kwenye soketi usiingie kwenda kuzima, tokeni, waacheni Tanesco wakate wao.

Kutoka ni mapema, basi. Maji ya kifundo cha mguu tu, sentimita 15, yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima, 30 yanabeba gari dogo, ndomana pale Jangwani barabara inafungwa na bado utamuona mtu wa bodaboda anajaribu. Vaa viatu vya kufunika sio kandambili, chini kuna misumari na vigae. Shika fimbo ndefu uchunguze mbele yako, kuna mashimo ya vyoo na mitaro iliyofunguka huioni. Watoto wagawane watu wazima, mtoto huyu na mtu huyu, majina kabisa, sio "mtatoka wote". Wadogo waandikie namba ya simu mkononi kwa maka peni. Kama mna bibi au mgonjwa asiyetembea, muelewane na vijana wawili wa jirani tangu sasa, na mjumbe ajue kwamba kwenu kuna mtu wa kubebwa. Pa kukimbilia pawe pawili, kwetu ni kwa jirani mwenye ghorofa, akiwa hayupo ni shuleni juu mlimani. Namba ya zimamoto na uokoaji ni 114, polisi 112, ziandike ukutani.

Maji yakishuka usikimbilie ndani. Zunguka nje kwanza uangalie kuta, tofali za mchanga zikilowa, ukuta unaweza kusimama leo ukaanguka kesho jua likiwaka. Nyoka wanapanda kwenye mapazia na makabati, tingisha kila kitu kwa fimbo. Umeme usiwashwe mpaka fundi aangalie. Chakula chochote kilichoguswa na maji tupa hata kama roho inauma, maana maji yale ni vyoo vya mtaa mzima, kipindupindu kinaanzia hapo, na kuna homa ya mgunda ile iliyosumbua Lindi 2022 inayotokana na mikojo ya wanyama, inaingilia hata kwenye kidonda cha mguuni. Watoto wasiogelee. Maji ya kunywa chemsha mpaka yatokote kabisa, au tumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, kisima cha jirani kisahauni kwa muda. Mtu akianza kuharisha na hamna ORS, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo huku mnampeleka kituo cha afya.

Mwisho fanyeni majaribio. Sisi tunafanya usiku, nazima taa zote bila kumwambia mtu napiga filimbi, kila mtu achukue chake tukutane kwa jirani. Ya kwanza tulitumia dakika 14 na yule wa mwisho akasahau funguo ziko wapi akiwa amezishika mkononi. Sa hivi tuko dakika 4, na jirani ameanza kulalamika kuhusu filimbi.