Jinsi ya kuandaa faili la bidhaa na kuomba matangazo ya Google Shopping kwa duka lako la mtandaoni

Ukitafuta simu au viatu Google, ukaona juu kabisa mstari wa picha zenye bei na jina la duka, hayo ndiyo matangazo ya Shopping. Huyaandiki maneno kama tangazo la kawaida. Google inachukua picha, jina na bei kutoka kwenye orodha ya bidhaa uliyoipelekea kupitia akaunti ya Merchant Center (huduma ya Google ya kupokea bidhaa za maduka), na orodha hiyo ikiwa mbovu, hakuna bajeti itakayoiokoa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye orodha. Mfano wangu ni duka la kanga, vitenge na nguo la Dar es Salaam.

Anza na tovuti yako

Ukurasa wa Instagram peke yake hautoshi. Unahitaji tovuti yenye anwani yako mwenyewe, inayofunguka kwa https, ambayo mteja anaweza kuchagua bidhaa na kukamilisha oda humo humo. Ule mtindo wetu wa "bei njoo inbox" hapa unakufa: kila bidhaa iwe na ukurasa wake, na bei ionekane. Weka pia namba ya simu au barua pepe inayojibiwa, gharama za kusafirisha (bodaboda ya mjini na mzigo wa basi la mkoani si bei moja, sema wazi), na masharti ya kurudisha bidhaa. Sharti linaweza kuwa kali, hata "siku 3 tu, isiwe imefuliwa", lakini liandikwe. Duka lisilojieleza ni nani na liko wapi linaweza kufungiwa akaunti nzima kwa kosa la kupotosha wateja, na kufunguliwa tena ni safari ndefu kuliko kuandika kurasa mbili leo.

Fungua akaunti na uthibitishe tovuti

Ingia Merchant Center kwa barua pepe ya biashara. Usitumie ya kijana aliyekutengenezea tovuti, maana siku mkikosana anaondoka na funguo. Jaza jina la duka kama lilivyo kwenye tovuti, nchi, anwani na simu, kisha thibitisha simu kwa namba utakayotumiwa. Baada ya hapo mfumo utataka uhakika kwamba tovuti ni yako. Njia rahisi ni kunakili kipande kifupi cha msimbo wa tovuti (code) na kukibandika sehemu ya juu ya ukurasa wa mwanzo, au kupakia faili dogo walilokupa. Anayetumia Shopify au WooCommerce, mifumo ya kujengea duka la mtandaoni, ana programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezea) ya Google inayofanya hivyo na hata kupeleka bidhaa yenyewe. Hata hivyo soma sehemu inayofuata, kwa sababu programu-jalizi hupeleka makosa yako kwa uaminifu mkubwa.

Andaa faili

Faili ndiyo ile orodha ya bidhaa. Kwa duka dogo napendekeza kuiandika kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni la Google. Mstari wa kwanza ni majina ya safu, na hayo hubaki kwa Kiingereza kama yalivyo: id, title, description, link, image_link, price, availability, condition, brand, gtin. Kila mstari unaofuata ni bidhaa moja.

id ni namba yako ya stoo, mfano KG-0142. Ukishaipa bidhaa, usiibadilishe, kwa sababu ukiibadilisha mfumo unaiona bidhaa ni mpya kabisa na historia yake inapotea.

title ina nafasi ya herufi 150, lakini kwenye simu mteja huona mwanzo tu. Tanguliza kitu chenyewe: "Kanga ya pamba, doti moja, pindo jekundu". Neno doti usiliache, vinginevyo mtu ataona bei akidhani ni ya kipande kimoja. Na tafadhali, "MZIGO MPYAAA, WAHI SASA!!!" ibaki kwenye status ya WhatsApp. Maneno ya kunadi na herufi kubwa tupu hukataliwa. Lugha ya jina na maelezo iwe ile ile ya ukurasa unaofunguka.

price ndipo nilipoumia mimi. Faili langu la kwanza nililijaza kama ninavyoandika risiti: Tsh 18,000/=. Bidhaa zote zikarudi na alama nyekundu. Mfumo hauijui Tsh wala ile mikwaju miwili ya mwisho. Unataka tarakimu, nafasi moja, kisha kifupi cha kimataifa cha sarafu: 18000 TZS. Kenya ni KES, Uganda ni UGX. Koma ya maelfu iache. Bei iwe na VAT ndani kama umesajiliwa, maana hiyo ndiyo anayolipa mteja. Ukitaka kupunguza, bei ya kawaida ibaki kwenye price na ya punguzo iingie safu ya sale_price.

availability kwa mzigo wa kawaida ni in_stock (ipo) au out_of_stock (imeisha), hakuna "ipo ila piga kwanza". condition ni new (mpya), refurbished (iliyokarabatiwa) au used (iliyotumika). Wauza mitumba nisikilizeni: grade one yenye lebo ya dukani bado ni mtumba. Andika used, na ukurasa wa bidhaa useme hivyo hivyo.

image_link ni anwani ya picha yenyewe, siyo ya ukurasa. Ukiifungua, picha itokee peke yake. Lenga pikseli 800 kwa 800 au zaidi. Najua kwa nini tunaandika namba ya simu katikati ya picha: majirani wanaiba. Lakini picha yenye namba, bei, nembo au "OFA" juu yake haipiti. Piga nyingine safi kwa ajili ya faili hili, hata kwa simu, kanga ikiwa imetandazwa mwanga wa dirishani.

Kisha gtin, ile namba iliyo chini ya mistari ya msimbo wa bidhaa za viwandani. Ikianza na 620 imesajiliwa Tanzania, 616 ni Kenya. Inakuonyesha iliposajiliwa tu, haisemi bidhaa ilitengenezwa wapi. Hapa Excel ina ugonjwa wake: ukibandika tarakimu 13 inaweza kukuonyesha 6.20E+12, na ukihifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu) tarakimu za mwisho zimekwenda. Geuza safu nzima iwe maandishi kabla hujabandika chochote. Usibuni namba, na usikope ya bidhaa nyingine. Gauni alilolishona fundi wako halina gtin: acha wazi na uweke jina la duka lako kwenye brand, kwa kuwa mtengenezaji ni wewe. Kanga ya kiwandani, brand ni kiwanda.

Gauni moja lenye saizi nne ni mistari minne, kila mmoja na id yake, na yote ibebe item_group_id moja, yaani namba ya kundi inayoonyesha ni gauni lile lile.

Peleka, kisha subiri

Kwenye Merchant Center chagua kuongeza bidhaa kwa faili, unganisha jedwali lako la Sheets au weka anwani ya faili, na upange lisomwe kila siku. Kabla hujapeleka, chukua mistari kumi bila kuchagua, fungua link ya kila mmoja kwenye simu, na linganisha bei, rangi na upatikanaji. Hapo ndipo wengi tunapokwama: ukurasa unasema 20,000 kwa sababu jana bei ilipanda, faili bado linasema 18000. Google hupita kwenye ukurasa na kukagua.

Ukaguzi wa kwanza huchukua siku kadhaa za kazi. Bidhaa zilizokataliwa utaziona kwenye orodha ya zinazohitaji kushughulikiwa, kila moja na sababu yake. Sahihisha kwenye jedwali, siyo ndani ya akaunti, la sivyo kesho faili likisomwa upya kosa linaweza kurudi. Na kama ni akaunti iliyosimamishwa, usibonyeze kuomba ukaguzi upya kabla hujarekebisha, kwani maombi hayo yana kikomo.

Washa matangazo

Unganisha Merchant Center na akaunti ya Google Ads, ile ya kulipia matangazo, weka kadi ya benki, fungua kampeni ya Shopping, chagua nchi unayouzia na bajeti ya siku. Mimi huanza na bidhaa ishirini zinazotoka haraka, siyo duka zima.

Bidhaa isiyosasishwa hutoka yenyewe baada ya siku 30, ndiyo maana tumepanga faili lisomwe kila siku. Doti ikiisha, usifute mstari wake. Badilisha iwe out_of_stock hapo na kwenye ukurasa, mzigo ukiingia uirudishe in_stock kwa id ile ile.