Gari la dizeli linakosa nguvu? Pima hivi kabla hujanunua tabo

Msimu wa korosho ukianza, magari ya dizeli yanayoletwa kwangu hapa Mtwara huja na lalamiko moja: "Fundi, gari halivuti." Tambarare linakwenda, lakini likianza kupanda Newala ukitokea Masasi na magunia nyuma, dereva anashusha gia mpaka ya kwanza na bado linatambaa. Mara nyingi mwenyewe ameshaambiwa tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) imekufa au pampu ya dizeli imekwisha, na ameanza kutafuta hela. Asitafute kwanza. Utaratibu huu nauandika nikifikiria Hilux na Land Cruiser, kwa sababu ndizo zilizojaa huku kwetu, ila unafaa dizeli nyingi. Kifaa kikuu ni kipande cha mpira wa levo, ule mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi wanapimia msingi kwa maji.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la injini

Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki ovyo, simama, sogeza mkono karibu na kila ringi. Yenye joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Kisha weka gia ya nne ukiwa mwendo mdogo na ukanyage mafuta: mizunguko ikipanda na gari halichapuki, klachi inateleza. Kwa gari ambalo pedali ya mafuta inavuta pampu kwa kebo, kama Land Cruiser ya injini ya 1HZ, mtu akanyage mpaka mwisho, wewe angalia kama mkono wa pampu unafika kwenye kizuizi chake.

Hatua ya 2: Soma moshi

Pakia mzigo, panda kilima, mwenzako afuate nyuma. Moshi mweusi mzito maana yake mafuta yapo, hewa haitoshi: nenda hatua ya 3. Gari halivuti na moshi hakuna kabisa, mafuta hayafiki: ruka hadi ya 4. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto ni habari ya nozo (zinazopulizia dizeli ndani ya silinda), taimingi au maji kuingia kwenye silinda, na hiyo inataka fundi aifungue.

Hatua ya 3: Hewa

Toa eya klina. Kama limepita barabara za vumbi za Liwale na Nachingwea kiangazi kizima, weka jipya. Kulipuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani sikubaliani nako hata kidogo, unasukumia vumbi kwenye karatasi na ukizidisha presha unaitoboa. Kwa gari lenye tabo, fuata mipira yote kutoka tabo hadi intakula (rejeta ya kupoza hewa ya tabo) hadi injini, hasa upande wa chini usioonekana. Palipochanika pana oili mbichi. Tazama pia kama kimkono cha tabo kinacheza injini ikipigwa resi, na kama vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, haijagandia wazi kwa masizi.

Hatua ya 4: Mafuta, upande wa kunyonya

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Anza na rahisi. Fungua kizibo cha chini cha filta ya dizeli, kinga kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu. Anayenunua mafuta ya madumu vijijini afanye hivi mara kwa mara. Halafu legeza kifuniko cha tangi na uendeshe. Ukisikia tangi linavuta pumzi na nguvu ikarudi, kitundu chake cha hewa kimeziba.

Kama bado, inabaki hewa au kuziba. Hewa inasumbua kwa sababu haivuji kwa macho. Kutoka tangi mpaka pampu mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Kwa hiyo penye tundu dizeli haidondoki, bali hewa inaingia. Utalala chini ya gari na tochi, utaona pakavu, utasema pazima.

Zima injini. Toa mpira unaotoka kwenye filta kwenda pampu, weka mahali pake mpira wa levo wenye kipenyo kinachobana, kaza kwa klipu pande zote mbili. Piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washa, acha dakika chache. Mapovu ya mwanzo ni hewa uliyoiingiza wewe ulipofungua, yasikutishe. Sasa pandisha injini hadi mizunguko kama 2,500 kwa dakika na ushikilie, macho kwenye mpira.

Mapovu yakipita mfululizo, hewa inaingia. Mapovu hakuna lakini mpira unanywea, hiyo si hewa, kuna kuziba: filta, chujio ndani ya tangi, au bomba lililobonyea. Mpira umejaa na umetulia, upande huu ni mzima, nenda hatua ya 5.

Ukiona mapovu, usianze kubadilisha vitu. Hamishia mpira wa levo kabla ya filta, upime tena. Huku kukiwa safi, hewa inaingilia kwenye filta yenyewe: oringi, kizibo cha chini, au pampu ya mkono iliyo juu yake, ambayo kiwambo chake kikichoka kinanyonya hewa bila kuvuja tone. Mapovu yakiwepo hata kabla ya filta, tatizo liko nyuma, kwenye bomba au tangi. Kata shauri kwa dumu: chukua dumu safi la dizeli, chovya mpira wa kunyonya humo. Liweke chini, kando ya tairi. Ukiliinua juu ya pampu, mafuta yatashuka yenyewe na tundu lolote lililobaki mbele halitaonekana. Mpira wa kurudisha mafuta nao uingie kwenye dumu hilohilo, la sivyo litakauka upesi na utaona mapovu ya uongo. Kipimo hiki kifanye gari likiwa limesimama tu. Usiendeshe na dumu kwenye boneti, na mpira wa levo uutoe ukimaliza, kwani dizeli na joto vinauharibu.

Likitulia kwenye dumu, fuata bomba la chuma kwenye chesi. Kwa magari yanayolala karibu na bahari, Shangani au Mikindani, nenda moja kwa moja kwenye vishikizo. Chumvi inajificha chini ya kishikizo, kutu inaumuka, na tundu dogo kama la sindano linatokea upande unaogusa chesi. Toa kishikizo, zungusha kidole: utakuta ukoko wa vumbi lenye unyevu wa mafuta, na ukiukwangua chuma kinabaki chembamba kama karatasi. Usipoamini, chomoa bomba pande zote mbili, ziba moja, nyingine ipulize kwa pampu ya baiskeli huku umepaka maji ya sabuni. Kompresa hapana.

Palipooza kata, unganisha kwa mpira maalumu wa dizeli na klipu mbili kila upande, au weka bomba jipya la chuma. Gundi na vipande vya tyubu sivipokei. Bomba la kopa pia silipendi, shaba huchochea dizeli kuharibika.

Hatua ya 5: Mashine ya kusoma kodi

Kwa Hilux za pampu ya rela (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozo zote), kama zile za injini za 1KD na 2KD, sasa unganisha mashine inayosoma kodi, yaani namba za makosa zilizohifadhiwa na kompyuta ya gari. P0087 ni presha ya rela kuwa chini, P0299 ni tabo kutojaza vya kutosha. Kodi inakupa mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe: P0087 hutokea pampu ikiwa mbovu, na hutokea vilevile kwa filta iliyoziba au hewa ya hatua ya 4. Ndiyo maana naiweka mashine hapa na si mwanzoni.

Hatua ya 6: Pampu na nozo

Ukiwa na uhakika mafuta safi yanafika na kodi ya presha bado inarudi, badilisha kwanza vali ya kudhibiti unyonyaji iliyo kwenye pampu. Ni nafuu kuliko pampu nzima. Kisha pima mafuta yanayorudi kutoka kila nozo kwa vichupa vinavyolingana. Kinachojaa haraka kuliko vingine, nozo yake inapitisha.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Kulegeza nati za mabomba ya nozo injini ikiwaka, tulivyozoea kwenye 1HZ ili kujua silinda iliyokufa, usithubutu kwenye injini ya rela. Presha yake inazidi ya tairi zaidi ya mara mia, na mchirizi wake unatoboa ngozi. Mtu akipigwa nao, hata tundu likiwa dogo na lisiume, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya presha imeingia mwilini.