Tochi kwanza, bastola baadaye: somo la usiku kwa wenye leseni

Wenye leseni wengi ninaowajua hapa Lamu wamefyatua risasi zao zote mchana. Wanavuka kwa boti hadi Mokowe, wanapanda basi la Mombasa, wanafika uwanja wa shabaha jua likiwaka, kisha wanarudi na karatasi yenye matundu ya kuwaonyesha jirani. Lakini mwizi haji saa nne ya asubuhi. Huja stima zikipotea, na vichochoro vya Mkomani bila stima ni giza totoro hata ukiwa umezaliwa humo.

Somo ni la mwenye cheti cha bunduki kisichopitwa na muda. Asiye nacho asome mambo ya tochi tu, ndiyo mengi.

Hatua ya 1: Nunua tochi ya mkono kabla ya taa ya bastola

Tochi unaielekeza utakako: kwa mke, kwa paka, kwa mgeni aliyeamka kutafuta maji. Taa iliyofungwa chini ya mtutu huangaza pale tu mtutu unapoelekea. Mwenye hiyo peke yake, kila anachotaka kukiona lazima akielekezee bastola kwanza.

Nalijua hili kwa aibu yangu. Nilipopata taa ya bastola niliona nimemaliza kila kitu, tochi nikawapa watoto. Usiku mmoja nikasikia kishindo kiwandani, yaani uani, mtu ameruka ukuta. Nikatoka na bastola mbele, nikawasha. Ukuta wa chokaa ukanirudishia mwanga wote usoni, sikuona ila weupe. Weupe ulipopungua, katikati yake alikuwa mtoto wa dada yangu, ametoka baharini, mtungo wa tasi mkononi, maji yakimchuruzika. Hakutaka kumwamsha nyanya yake kwa kubisha mlango. Kidole changu hakikuwa kwenye kifyatulio, alhamdulillahi, lakini mtutu ulikuwa kifuani pake. Samaki wale sikuweza kuwala.

Tafuta tochi yenye swichi ya nyuma, kitakoni, inayobonyezwa kwa kidole gumba, na iwake kwa nguvu zote kwa mbonyezo wa kwanza. Zile za kubonyeza mara tatu ndipo upate mwanga unaoutaka, waachie wavuvi. Lumeni 500 za kweli zatosha nyumba nzima. Watu huchanganya lumeni na kandela: fikiria mpira wa maji. Lumeni ni maji yote yatokayo; kandela ni nguvu ya mrija ukiuziba mdomo kwa kidole. Ndani ya nyumba wataka maji yatapakae. Kwa shambani, kule Hindi au Mpeketoni, wataka mrija ufike mbali.

Hatua ya 2: Zijue kuta zako

Hapa bastola iko kwenye sefu, haina kazi. Zima taa zote, tembea na tochi kutoka kitandani mpaka daka la mlangoni.

Nyumba ya mawe ina tabia zake. Chokaa nyeupe hurudisha mwanga, kwa hiyo usiupige ukuta ulio karibu nawe. Upige sakafuni, hatua nne au tano mbele, au juu ya mlango wa upande wa pili; chumba kizima kitajaa mwanga hafifu, nawe utaona mtu, sura yake na mikono yake, bila kupofuka. Nimeona mafunzo ya Marekani yakisema piga darini. Kwao dari ni ubao mweupe. Dari la boriti hunywa mwanga, hasa likiwa limepakwa rangi nzito. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nazo zina ujanja wake: tochi ikisogea, kila kidaka hutoa kivuli kinachosogea kama kichwa cha mtu. Viangalie mara nyingi mpaka uvizoee, visikushtue siku ya siku.

Usiiache tochi ikiwaka moja kwa moja. Washa, tazama, zima, kisha sogea, maana aliye gizani ameshaona ulipo. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza barabara, na mwanga mmoja mkali huyafuta yote. Wewe ukijipofua kwa ukuta wako mwenyewe, umemfanyia mwizi kazi.

Hatua ya 3: Mikono miwili

Sasa bastola itoke sefuni. Toa magazini ya risasi, vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, tazama chemba, tundu inamokaa risasi, kwa macho, kisha ingiza kidole uhakikishe. Risasi zikakae chumba kingine. Rudia hata kama ulihakikisha dakika mbili zilizopita.

Namna ya kwanza, ndiyo ninayowafundisha wote: tochi umeikamata kwa ngumi, kidole gumba kwenye swichi, ngumi imeegemea taya chini ya sikio. Mwanga hufuata macho yako kokote yaendako. Ubaya wake ni kwamba mwanga uko karibu na kichwa, kwa hiyo rudi kwenye washa-zima-sogea.

Namna ya pili ni ya Harries, kwa jina la Mmarekani Michael Harries: migongo ya mikono miwili inasukumana, bastola juu, tochi chini. Imara, lakini mkono huchoka haraka. Mkono wa tochi upite chini ya bastola. Ukipita mbele, umeukinga mtutu kwa kiganja chako.

Namna zote mbili, kidole cha shahada kilale ubavuni mwa bastola, kimenyooka, kisikiguse kifyatulio. Mwili una kasoro moja: mkono mmoja ukiminya kwa nguvu, wa pili nao hutaka kuminya. Unabonyeza swichi kwa kushoto, kulia kunakaza. Jaribu na limau mbili utaona.

Hatua ya 4: Taa ya bastola, ukiona lazima

Faida yake ni kukuachia mikono miwili kwenye mpini. Utahitaji ala mpya, mfuko wa kubebea bastola, kwa kuwa bastola yenye taa haitaingia kwenye ile ya zamani. Swichi iendeshwe na kidole gumba cha mkono wa kusaidia, usiwe ule wa kifyatulio: huko Marekani wapo askari waliofyatua risasi wakidhani wanawasha taa. Betri usibadilishe bastola ikiwa na risasi.

Hatua ya 5: Mdomo

Kabla ya yote, usitoke. Wakusanye watu wako ndani, funga mlango, piga 999 au 112. Ukilazimika kutoka, sema kwa sauti: "Nani wewe? Simama! Nionyeshe mikono!" Mtoto wa dada angejibu. Na ukifyatua, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapeleka swali la kujitetea kwenye misingi ya "common law" ya Uingereza, sheria itokanayo na maamuzi ya mahakama: je, nguvu ilihitajika, na ilikuwa kiasi? Utaulizwa ulimwona nani na alishika nini. "Kulikuwa na giza" si jibu.

Maswali niliyoulizwa

*Kutoka Langoni: Ami, shikamoo. Yangu imeandikwa lumeni 90,000, nimeinunua shilingi 600. Yafaa?*

Marahaba. Kwa lumeni hizo ungepika wali. Jaribu hivi: iwashe dakika kumi mfululizo. Ikififia upesi, au ukiitikisa kidogo ikazima, ibaki ya kwendea msikitini alfajiri.

*Kutoka Malindi: Mwalimu, mimi nakaa na binti zangu wawili, bastola sina na siitaki. Tochi peke yake yanisaidia nini?*

Dada, wewe ndiye uliyelielewa somo. Mwanga mkali wa ghafla machoni humgeuza mtu uso, nawe unapata nafasi ya kufunga mlango na kupiga kelele za "mwizi!" Wafundishe na binti zako, kila mmoja na yake.

*Kutoka Shela: Ule mwanga wa kumetameta, nimtie mtu wazimu nao?*

Utakutia wewe kwanza, ndani ya kuta nyeupe. Hapana.

*Kutoka Shela tena: Nakaa mbele ya bahari. Tochi ya pili hii inakufa kutu.*

Chumvi hiyo. Kila Ijumaa fungua kitako, futa nyuzi za kufungia kitako kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya silikoni kidogo. Betri za CR123A, zile za volti 3 zisizochajiwa, hukaa muda mrefu bila kuisha, lakini usichanganye mpya na kuukuu. Ukipenda za kuchaji, tafuta 18650: milimita 18 unene, 65 urefu.

*Kutoka Mkomani: Ami, ukilala tochi inakaa wapi?*

Bastola sefuni. Tochi nimeifunga kwa mshipi wa kuvulia kwenye mguu wa kitanda, upande wa kushoto. Bila mshipi, wajukuu huichukua kwendea chooni, na asubuhi naikuta jikoni inawaka.