Somo: Thekua za Chhath zisizofumuka karaini

Kila Chhath inapokaribia naulizwa lile lile: "Mbona thekua zangu zimevunjika?" Naandika mara moja, basi.

Kwa wageni: Chhath ni sikukuu ya jua ya watu wa Bihar na Jharkhand, majimbo ya India, na Terai, tambarare ya kusini mwa Nepal, siku ya sita baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Mfungaji hukaa saa 36 hivi bila chakula wala maji, akasimama mtoni mbele ya jua linalozama, na alfajiri mbele ya linalochomoza. Thekua, biskuti tamu za unga wa ngano zinazokaangwa, ndizo sadaka yake: hupangwa kwenye ungo pamoja na miwa na ndizi. Mimi nilifundishwa Patna, mji wa Bihar, na mama mwenye nyumba niliyopanga.

1. Oga. Vitunguu na saumu vitoke jikoni.

2. Unga wa atta (ngano isiyokobolewa) nusu kilo, sukari guru robo, samli vijiko vikubwa 4, iliki, shamari, nazi kavu iliyokunwa.

3. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliyeyusha sukari guru kwa maji kikombe kizima, nikaimwaga yote ingali moto. Donge likalainika kama la chapati, na karaini thekua zikafumuka, samli ikajaa makombo. Mama hakunigombeza, alinirudisha bafuni nianze upya. Maji nusu kikombe, yatosha. Sukari ikishayeyuka ichuje, maana haikosi mchanga, kisha ipoe. Fikicha samli kwenye unga mpaka ukiufumba mkononi ushikamane, ndipo utie maji ya sukari kidogo kidogo. Donge liwe gumu, kingo zipasuke kidogo. USILIACHE LAINI.

4. Bonyeza vidonge kwenye kibao cha nakshi.

5. Kaanga kwa samli, moto mdogo. USIONJE kabla ya sadaka.

Maswali

– Sukari nyeupe na mafuta ya alizeti vinafaa?
– Kwa chai yako, tia upendacho. Za sadaka nimeshaandika.

– Zangu zimevunjika, tatizo nini?
– Hatua ya 3. Isome.

– Dada, shikamoo. Kwa nini jua linalozama nalo liheshimiwe?
– Marahaba, mdogo wangu, umeuliza la maana. Wenyeji husema Surya, mungu wa jua, ana wake wawili: Usha, mwale wa kwanza, na Pratyusha, mwale wa mwisho. Jioni ni zamu ya Pratyusha. Tena si lazima awepo kuhani. Mfungaji, mwanamke au mwanamume, hutoa maji au maziwa kwa mikono yake.

– Sina kibao.
– Uma unatosha.

– Mimi hubonyezea chujio la chai, alama hutoka nzuri.
– Likiwa jipya, sawa. La chai ya jana, hapana.