Usile mbegu yote: kutunza wimbi, mtama na mboga za kienyeji shambani mwako

Mvua ndefu zikikaribia, wanunuzi wengi kwenye agroveti za Luanda, Siaya na Kisumu hutafuta mahindi. Si vibaya, nyumba lazima ile ugali. Hatari ni kujaza robo ekari yote mahindi ya aina moja kila msimu. Virusi vya kukausha mahindi vilipoingia Bomet mwaka 2011, vilienea hadi kaunti nyingine, na aliyetegemea mahindi peke yake alibaki na mabua.

Mbegu ya dukani endelea kununua, ila tenga mistari michache ya mbegu za nyumbani. Mtama mwekundu wenye ukakasi hauvutii ndege kama mweupe. Wimbi likikauka vizuri hukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa. Mito, mboga ya kienyeji ya jamii ya kunde, hurutubisha udongo huku ikikupa mboga. Serikali ya Kenya ina benki ya mbegu Muguga, karibu na Nairobi, tangu 1988, na ni hazina kubwa, lakini mbegu iliyo kwenye baridi Muguga haikufai asubuhi mvua ikinyesha Ugenya. Tena iliyo shambani huendelea kuzoea mvua na magonjwa ya leo.

Kosa ninaloliona zaidi ni kupanda kilichobaki baada ya kula na kuuza. Chagua mbegu mimea ikiwa bado imesimama. Funga kitambaa kwenye mimea yenye afya, iliyo katikati ya shamba na si pembeni ambapo ina nafasi na mbolea ya ziada. Usitegemee suke moja nono. Chukua kutoka mimea thelathini au zaidi, ili usipoteze sifa ambazo huzioni kwa macho. Na muulize mama anayepika. Yeye ndiye anayejua wimbi lipi linatoa uji mzuri na kunde zipi zinaiva haraka, na aina ambayo haipendwi jikoni haidumu shambani.

Mboga zinahitaji uangalifu zaidi. Managu (osuga) usiyachume majani kwenye mimea ya mbegu. Acha matunda yaive kabisa, yaponde ndani ya maji, koroga, kisha mwaga maganda na uteute unaoelea. Suuza mbegu zilizozama mara kadhaa hadi zisiteleze vidoleni, kwa sababu sukari ya tunda ikibaki huzuia kuota. Zianike kivulini juu ya kitambaa. Sagaa ni tofauti: vitumba (maganda yenye mbegu) vikigeuka manjano vikate mara moja, maana vikikauka shambani hupasuka na mbegu kumwagika. Halafu usizipande mwezi huohuo. Mbegu mpya ya sagaa hulala. Ikae miezi mitatu au zaidi. Wakulima wengi hulaumu mbegu iliyo nzima kabisa kwa kukosa kusubiri.

Maharagwe na nafaka zianike kwenye turubai, si kwenye ardhi tupu wala mabati yanayochoma. Kupima ukavu, weka mbegu kwenye chupa kavu hadi thuluthi, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, kisha iache dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: endelea kuanika, kisha pima tena. Isipoganda, bado anika siku moja au mbili zaidi ili ikauke vya kutosha kufungiwa, changanya na jivu lililochekechwa, kisha funga kwenye chupa au mtungi usiopitisha hewa. Andika jina la aina na mwezi wa kuvuna.

Wiki mbili kabla ya kupanda, kunja mbegu mia moja kwenye kitambaa chenye unyevunyevu. Zikiota chini ya themanini, ongeza kiasi cha mbegu kwenye mstari. Zikiota chini ya nusu, tafuta nyingine kwa jirani.

Mbegu ya mahindi chotara usiihifadhi. Mavuno hushuka msimu unaofuata.

Wengi wamekuwa wakiogopa kugawana mbegu. Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilibatilisha vipengele vya sheria vilivyomfanya mkulima mhalifu kwa kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Kwa hiyo chama chenu kinaweza kukopeshana: gorogoro (kopo la kupimia nafaka) moja ya wimbi wakati wa kupanda, mbili baada ya mavuno, na kila aina itunzwe na nyumba tatu au nne, ili moja ikikosa wengine wawe nayo. Lakini kagueni shamba la mkopeshaji kabla ya kuvuna. Wimbi lenye shingo nyeusi na masuke matupu lisitolewe kama mbegu, wala maharagwe yenye majani yaliyojikunja na mabaka ya kijani hafifu. Magonjwa haya yote mawili husafiri na mbegu, na yakiingia chamani yanaweza kufika mashamba mengi kwa haraka.